Mpunga Wangu Chini ya Mafiga

Mkisikia mtu hapa mjini Baraka ananiita Mama Bata, msidhani nafuga bata. Sijawahi kufuga bata hata mmoja, siwapendi, wanachafua uwanja, na jina hilo ni aibu tupu ambayo nimeizoea kwa sababu haina dawa. Wengi wenu mnaijua nusu yake, ile nusu ya kuchekesha mnayosimuliana sokoni mkiniona napita na kikapu changu, basi leo kaeni niwape yote, maana aliyekuwepo ni mimi na aliyemeza ni mimi. (Na Kiswahili changu kikiyumba, mara cha huku mara cha Kigoma, mnisamehe, nilikaa ng'ambo ya ziwa miaka ya ukimbizi na ulimi haukurudi wote.)

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili ya Kongo. Mjini kulikuwa na wenye bunduki wao, porini kulikuwa na wenye bunduki wao, na wote, msiniulize nani alikuwa mbaya zaidi, walipenda mpunga. Kuulima hapana, kuula ndiyo. Shamba langu lilikuwa bondeni, upande wa mto Mutambala, mahali pazuri sana pa mpunga mwaka ukiwa mzuri, ila mwaka ule haukuwa mzuri, mvua iligoma kuondoka. Mpunga ulitoa masuke mvua inanyesha, ukaanza kugeuka njano mvua inanyesha, halafu upepo wa ziwani ukaulaza chini, masuke yamo ndani ya maji, na ukichuma punje ukaimenya unaikuta ina madoa meusi kabla hata haijakomaa. Mtu mwenye akili yake angengoja jua litoke, atenge ule uliosimama na ule uliolala, avune taratibu. Lakini habari ilishuka kutoka milimani kwamba wale wa porini wanakuja kuvuna (ndivyo walivyosema, kuvuna, utafikiri walipanda wao), na bonde zima tukaingia na visu, tukakata kwenye mvua, tukapiga kwenye mvua, tukabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpunga unaotiririsha maji mpaka kwenye visigino.

Sasa, kukausha mpunga hakuna asiyejua. Unautandaza kwenye mkeka juani, unaugeuza kwa mguu kila unapopita, na mwisho unachukua punje moja, unaibana kwa meno ya mbele. Ikisema tak, iko tayari. Ikijipinda bila kusema kitu, irudi juani, hakuna mjadala. Halafu unaupandisha darini, juu ya jiko, moshi unapita humo asubuhi na jioni, wadudu hawasogei, unyevu hauingii. Mama yangu alikuwa akishusha darini mpunga wa mwaka uliopita, akiutwanga unanukia nyumba tatu mbele. Mimi haya sikufundishwa, nimezaliwa nayo, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana.

Tatizo ni kwamba vita ilikuwa imetunyang'anya jua na dari. Mkeka wa mpunga mbele ya nyumba ulikuwa kama kuita watu kwa ngoma. Jirani yangu Mama Zawadi alianika wake msimu mmoja kabla, wakaja vijana wa barieri, wale wa kizuizi cha barabarani, na bunduki begani, wakakunja mkeka na mpunga ndani yake, wakamwambia "Aksanti mama," wakaenda zao, na hadi leo mimi nakumbuka alivyobaki amesimama akitazama ile sehemu kavu ya uwanja mahali mkeka ulipokuwa. Na darini ndiko walikoangalia kwanza kila wakiingia. Walikuwa wanachoma dari kwa mtutu wa bunduki, mpunga unawamwagikia kichwani, wanacheka.

Ndipo mimi, fundi wa akili, nikapata wazo.

"Tuuzike chini ya mafiga," nilimwambia bwana yangu, Baba Sifa. "Nani atatafuta chakula chini ya moto?"

Baba Sifa ni mtu wa maneno machache, mvuvi, anaongea na nyavu kuliko anavyoongea na watu. Alichukua punje, akaibana menoni. Punje haikusema kitu.

"Mama Sifa, hii mupunga ingali maji."

"Njo maana naiweka karibu na moto. Moto itaikausha."

"Moto inapandaka juu," akasema. "Chini haishuki."

Mimi nikamwuliza kama amesomea moto. Nikamwuliza kama anataka wale vijana wa barieri wamkunjie mkeka na yeye ndani. Akachukua jembe. (Nimewahi kumwomba radhi kwa siku ile, akaniambia ipi, ziko nyingi.) Tukaondoa mafiga matatu, tukachimba shimo refu, tukalitandika turubai la plastiki, lile la wakimbizi, tukamwaga mpunga wote, maji na madoa yake, tukalikunja turubai juu tukalifunga sana hata hewa isipate pa kupita, tukarudisha udongo, tukarudisha majivu, tukarudisha mafiga, na mimi nikawasha moto juu yake nikachemsha sombe, majani yetu ya mihogo. Nilikuwa naimba. Askari waliingia mara mbili kupekua msimu ule, mmoja akaota moto palepale, amechuchumaa juu ya chakula changu, nami nikampa chai ya mchaichai nikicheka moyoni mpaka mbavu zikauma.

Sasa ngojeni niwaambie kuhusu Sifa. Sifa ni binti yangu wa kwanza, na kijana mmoja wa Kilembwe, fundi wa cherehani, jina lake Asukulu, alikuwa amempenda tangu tulipokimbia mapigano siku moja, watu wote mbio kuelekea ufukweni, yeye amebeba cherehani kichwani, na bado akanyoosha mkono akachukua mzigo wa Sifa bila kuulizwa. Mtu anayebeba vitu viwili vizito wakati risasi zinalia, akaangalia nyuma kama wewe uko salama, huyo simuachi, nilisema. Wazazi wake walikwisha kufa. Aliyemlea ni shangazi yake, Shangazi Debora, mwanamke wa mlimani, na huyo ndiye aliyepaswa kushuka kwetu kumwona binti na kusema ndiyo au hapana. Akatuma neno kwa watu wa sokoni: tutashuka mara moja tu, njia ni mbaya, barieri ni nyingi, mkitupokea kama watu tutaendelea, msipotupokea kama watu kijana atatafuta karibu na kwao. Sifa aliposikia hivyo hakula siku nzima. Alikuwa akinifuata jikoni, akinifuata kisimani, ananitazama tu, na mimi nilielewa kwamba maisha yake yote ameyaweka mikononi mwangu.

Na mimi nikafanya nini? Jumapili, tumetoka ibadani, akina mama wamenizunguka wananiuliza nitawapikia wageni nini, maana wakati ule mji mzima ulikuwa kwenye bugali wa mihogo na sombe, na sombe yenyewe bila mawese, nikainua shingo nikasema kwa sauti hata mchungaji akageuka:

"Bageni yangu habatakula bugali. Batakula muchele. Muchele mupya."

Mama Zawadi akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kandambili. "Muchele? Utaitoa wapi?"

"Mungu anajua," nikajibu, nikaondoka nikitikisa kitenge. Ndugu zangu, kama ningefunga mdomo pale, au ningesema tu bugali, leo msingekuwa na cha kucheka.

Shimo tulilifungua wageni walipokuwa njiani, bado siku tatu wafike. Baba Sifa alikata udongo, mimi nikaingiza mkono ndani ya turubai, nikautoa haraka. Ndani kulikuwa moto. Si moto wa jikoni, jiko lilikuwa limezimwa tangu jana, ni joto la ndani kwa ndani, la mpunga wenyewe, na mvuke ukatoka, na harufu ikafuata nyuma, harufu ya blanketi lililokaa na maji mwezi mzima. Mpunga ulikuwa umeshikana madonge. Mengine yana manyoya ya kijani, mengine meusi, mengine ya njano iliyoiva kama usaha. Chini kabisa ulikuwa umeanza kuota.

Baba Sifa hakunikumbusha alichoniambia kuhusu moto, na Mungu ambariki kwa hilo. Sifa ndiye aliyesema.

"Mama, tuitupe. Mi nitasonga bugali."

"Nimekwisha kusema kanisani."

"Hukumwambia Mungu, mama. Uliambia Mama Zawadi."

Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli nikakasirika zaidi. Nikachagua madonge yaliyokuwa na afadhali, nikayapasua, nikayaanika ndani ya nyumba, nikayatwanga. Mwingi tukaufukia tena na turubai lake chini ya mafiga, na ule mbaya niliokwisha kuutoa, pamoja na pumba na chenga, nikautupa nyuma ya jiko, bata wa Mama Zawadi wakaja mbio kwa mwendo wao ule, wakala, wakarudi kesho yake wakala tena, na mimi nikajiambia: si unaona, kama bata wanakula, una nini?

Kinuni ule mpunga ulinisaliti mara ya pili. Mpunga uliokauka vizuri unatoka mzima, mweupe, unateleza. Wangu ulikuwa unavunjika kila nikiinua mtwangio, nusu unga, nusu vipande, rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Nikauosha. Nikauosha kwa chumvi. Nikauosha mpaka mikono ikakunjamana, na kila nikiunusa nasema sasa harufu imeisha, halafu nikauweka motoni, maji yakachemka, harufu ikarudi nyumbani kwake. Basi nikamimina mawese niliyokuwa nimeyaficha, nikakata kitunguu, nikatupia ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, nikakoroga vyote pamoja, na kitu kile nikakiita pilau.

Wageni wakaingia mchana, wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope: Shangazi Debora, mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, mjomba mmoja mzee wa kanisa ambaye hakuongea sana, na Asukulu mwenyewe amevaa koti aliloshona kwa mkono wake. Tuliwakalisha uwanjani kwenye mikeka. Maneno yakaenda vizuri. Sifa akawanawisha mikono amepiga magoti, na nikaona Shangazi anamtazama mikono, anamtazama macho, anaitikia kwa kichwa kidogo kidogo, na moyo wangu ukaanza kukaa mahali pake.

Nikaleta sinia. Nikalifunua. Mjomba akasema, "Ayi! Muchele wakati wa vita!" na mimi nikapokea sifa hiyo kwa mikono miwili.

Na hapo, ninyi mnajua desturi yetu huku Kivu, mwenye nyumba anaonja kwanza. Chupa inafunguliwa mbele ya mgeni, chungu kinaonjwa mbele ya mgeni, kwa sababu watu wanaogopa karuho, ile sumu ya polepole ambayo kulitaja jina lake tu kunatosha kubomoa nyumba ya mtu, na wakati wa vita woga huo ulikuwa umeongezeka mara mia. Mwenye nyumba anaonja, na wageni hawaangalii sinia, wanaangalia uso wake. Mimi desturi hii nilikuwa nimeisahau kabisa. Nimepika, nimeficha rangi, nimeficha harufu, na katika hesabu zangu zote sikukumbuka kwamba wa kwanza kula ni mimi.

Nikachukua tonge. Nikaweka mdomoni. Yesu wangu.

Kwinini mnaijua? Ile dawa ya malaria ukiitafuna? Tena kwinini iliyokaa chini ya jiwe. Ukali ulianza nyuma ya ulimi, ukapanda puani, masikio yakaziba. Mwili wote uliniambia tema, na mimi siwezi kutema, mwenye nyumba akitema amekwisha, na siwezi hata kukunja uso, nikikunja uso tumekwisha wote, Sifa wa kwanza. Nikatabasamu. Nikatafuna nikitabasamu. Machozi yakanitoka yenyewe, yakashuka mashavuni, na mimi natabasamu.

"Mama," Shangazi Debora akaniuliza, sauti ya chini, "unalia juu ya nini?"

"Ni furaha, shangazi. Furaha ya bageni."

Akanitazama muda mrefu. "Basi ongeza."

Nikaongeza. Ndiyo, niliongeza, tonge la pili, na hilo ndilo sitalisahau kaburini. Asukulu alimwona mama mkwe wake wa kesho analia kwa furaha na anakula peke yake, na kwa heshima yake yote akaona aniokoe, akanyoosha mkono akachota tonge kubwa kuliko yote mawili yangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mkono wake ulitoka siniani mpaka mdomoni, njia nzima ile, na mimi ningeweza kusema acha, mwanangu, mchele umeharibika, lakini nilinyamaza. Hiyo ndiyo nusu ambayo sokoni hamuisimulii. Nilimwacha akala kwa sababu niliogopa aibu, na hilo ni chungu kuliko ule mchele wenyewe.

Kijana hawezi kutema chakula cha mama mkwe. Akatafuna. Macho yakamjaa maji. Akaangalia juu, akaangalia mawingu, akameza, akanishukuru.

"Na huyu pia ni furaha?" Shangazi akauliza.

Kabla sijatunga jibu, bata akaingia. Mmoja wa Mama Zawadi, dume, kubwa, alitokea nyuma ya jiko akitembea upande upande, shingo imeinama, akapita katikati ya mikeka, akakaribia sinia kabisa, akasimama akitutazama, halafu miguu ikamwisha akaanguka ubavu, akapiga bawa moja vumbini, akatulia. Nyuma yake nikaona wa pili anakuja kwa mwendo uleule.

Shangazi akasimama. Mjomba akasimama. Shangazi akamshika Asukulu shingoni kwa nguvu, akamtia kidole kooni mbele ya watu wote, na akapiga kelele ambayo ilifika ziwani:

"Banatuua! Banatuua mutoto!"

Msiniulize watu walitoka wapi. Uwanja ulikuwa wetu peke yetu, ghafla ukajaa. Mama Zawadi wa kwanza, amemwona bata wake, anajipiga mapaja. Nyuma mtu akasema lile neno, karuho, akalisema polepole tu, nalo likatembea kutoka mdomo hadi mdomo, na watu niliosali nao Jumapili wakarudi nyuma hatua moja wakinitazama kama mtu ambaye hawajamwona. Mwingine akasema waitwe wale wa barieri. Baba Sifa akaja kusimama mbele yangu, mtu yule asiyeongea, mikono mitupu. Nilimwona Sifa ukutani amefunga macho. Wakati ule mtu alikuwa akiuawa kwa neno lile, nyumba inachomwa, na hakuna anayeuliza kesho yake. Nikaona kwamba kilichobaki ni kusema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa chini ya mafiga.

Nikakimbia jikoni na kitenge changu cha sherehe, nikapiga mafiga teke (kidole hiki hadi leo kikipata baridi kinauma), nikapiga magoti nikachimba kwa mikono, udongo unanirukia kichwani, nikalishika turubai nikalivuta mpaka mlangoni na kila kilichobaki ndani yake, nikalifungua mbele ya mji mzima.

"Sumu yangu njo hii!" nikasema. "Nilivuna kwenye mvua, sikuanika, niliogopa banitwalie, nikauzika ungali maji, ukaozea humu! Mi nilikula ya kwanza, na ya pili muliniona! Kama ni karuho, basi nimejilisha mwenyewe!"

Mvuke ukapanda. Harufu ikaenda kwa kila mmoja kwa zamu. Watu wakarudi nyuma, halafu wakasogea, wakainama. Nilikuwa nangoja wanicheke, nilikuwa natamani wanicheke, lakini hakuna aliyecheka. Mama Zawadi alichukua donge la kijani, akaligeuza kiganjani, akalitazama, na uso wake ukabadilika. Alisahau bata.

"Mama Sifa," akasema kwa sauti ndogo. "Unasema ulikuwa nayo chini ya mafiga?"

"Chini ya mafiga."

"Ndani ya turubai?"

"Ndani ya turubai."

Akameza mate. "Yangu pia iko chini ya mafiga."

Na nyuma yake mwanamke mwingine akasema "Yoo," akageuka, akaanza kutembea haraka, halafu kukimbia. Halafu wa tatu. Halafu mzee mmoja na mkongojo wake. Watu waliokuwa tayari kunichoma moto wakamalizika uwanjani kwangu, kila mmoja anakimbilia jiko lake, na muda si mrefu ukasikia mafiga yanabiringishwa nyumba hii na nyumba ile, na vilio vya hapa na pale. Kumbe bonde zima tulikuwa na wazo moja! Kila mmoja alijiona mjanja, kila mmoja alimficha jirani, na mpunga wa mji ulikuwa unaoza kimyakimya chini ya vyungu vyetu wakati tunakula sombe juu yake. Mvua ndiyo iliyouanzisha ule ukungu, hilo nalijua, na ule uliolala majini usingepona hata kwa jua. Lakini mwingine ungepona, kama tungeuanika, na tusingeogopa kuonana.

Tukabaki sisi wa nyumbani na wageni. Asukulu ameinama karibu na ukuta, anatapika, maskini, na Sifa amemshika paji la uso, anamnywesha maji, hajali nani anamwona. Shangazi Debora alikaa chini tena, polepole. Nikapiga magoti mbele yake, udongo kichwani.

"Mama," akasema, "ungetupatia bugali, tungekula. Tulitoka Kilembwe juu ya binti. Hatukutoka juu ya muchele."

Nikalia, na safari hiyo hakuna aliyeniuliza ni juu ya nini. Sifa akaenda akarudisha mafiga mahali pake mwenyewe, akawasha moto, akasonga bugali, akaleta na ndagala waliobaki. Akakata tonge la kwanza mbele yao, akalitafuna, uso wake umetulia, akameza. Shangazi akamtazama mpaka mwisho. Halafu akanawa mikono. "Huyu njo tulimufuata," akamwambia mjomba, na wakala.

Jioni ile mikeka yote ilikuwa nje, mbele ya kila nyumba, watu wamechoka kuogopa. Wale wa barieri walipita na magunia tupu wakidhani ni sikukuu yao, wakainama kwenye mkeka wa kwanza, wakafika wa pili, wakaziba pua wakaenda. Wachache waliokoa kidogo, waliofunga turubai vibaya hasa, wazembe ndio waliopona. Mimi wangu niliuchoma wote, mahali ambapo bata hawafiki. Tumbo liliniadhibu wiki nzima, Asukulu vilevile, na tulikula mihogo mpaka msimu mwingine. Mbegu sikubaki nayo hata kibaba.

Vita ilipopungua kidogo ndipo harusi ikafungwa, hapahapa Baraka. Shangazi Debora alituma kutoka Kilembwe mpunga wa mlimani kwenye kikapu, na neno moja: jaribu kwa meno kwanza. Nikauma. Tak. Nikauma nyingine na nyingine, Baba Sifa akaniambia niwaachie wageni. Tangu hapo nimeapa, na mnanijua kwa kiapo: punje ambayo haijasema tak menoni mwangu haitaingia gunia langu wala shimo langu, hata aje jenerali gani, na wageni wangu watakula kilichopo.

Siku ya harusi sinia likaja, mchele mweupe, unanukia kama wa mama yangu. Watu wamejaa. Wote wakanitazama usoni, maana mwenye nyumba anaonja kwanza. Nikachukua tonge, nikaliweka mdomoni, likawa tamu, na nikamwona mwanangu amekaa na gauni lake jeupe, Asukulu ubavuni, mzima, hai, na kabla sijajizuia machozi yakanitoka.

Uwanja mzima ukarudisha mikono nyuma. Mama Zawadi akawavuta bata wake.

"Ni furaha!" nikapiga kelele. "Jamani, leo ni furaha ya kweli!" Hakuna aliyesogea. Wangeniamini vipi?

Asukulu akainuka kwenye kiti cha bwana harusi, na koti lake jipya, akaja mpaka kwenye sinia. Akaniangalia. Akachota tonge kubwa, kubwa kama lile la kwanza, akalitafuna watu wote wakimtazama uso, akameza, akaninyooshea sahani.

"Mama," akasema, "ongeza."

Nikamwongezea, huku nalia palepale mbele ya watu wote, na sikujipangusa.